Weusi wa Dola za Fedha

Baba yangu hakuweza kupita karibu na kitu cha chuma kilichofifia bila kukisugua king'ae. Kwetu Nateete, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko, alikuwa amevimaliza vijiko, kitasa cha mlango, fremu ya redio, na kengele ya baiskeli ambayo baiskeli yenyewe iliibwa zamani. Kengele ilikaa dirishani ikimeremeta, haina kazi. Wapangaji wenzetu walimletea sufuria zao na pasi za makaa, naye hakumtoza mtu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, kipande cha blanketi kuukuu mkononi, akisugua kwa mizunguko midogo midogo, na ukimsemesha hupati jibu la maana mpaka amalize.

Alikuwa polisi. Kwao ni kaskazini, lakini mimi nilizaliwa na kukulia kambini, hapa hapa Kampala, kwa hiyo Kiswahili changu cha kwanza ni kile cha kambi, ambacho majirani zetu Waganda walikiogopa na Wakenya walikicheka. Nimekinyoosha baadaye kwa kusoma. Sisi watoto wa kambini tuliijua siku ya ukaguzi kwa pua: ile dawa ya kopo ya kung'arishia vifungo ilikuwa na harufu kali, inaingia mpaka kwenye ugali. Afisa alipita mstarini polepole, na askari aliyekutwa na doa kwenye kifungo alikosa ruhusa ya kutoka. Baba hakuwahi kukosa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mumewe alioa vifungo kwanza, yeye ni mke wa pili.

Baada ya vita vya themanini na sita, wengi wa rika la baba waliambiwa wakapumzike. Alirudisha sare, akarudisha mkanda na filimbi. Alichobaki nacho ni kopo la dawa na kile kibati chenye mfereji kinachopitishwa nyuma ya vifungo ili dawa isichafue nguo. Hakuwa na sare tena, lakini kibati alikitunza. Mama alipofariki nikamchukua akae nami, na kila mtu akasema nimefanya jambo jema. Nami nililiamini hilo kupita kiasi.

Mimi nilikuwa na kazi Wandegeya, kwenye duka la kuchapa na kujalidi karatasi za wanafunzi wa chuo. Mchana kutwa nilichapa mambo ya watu waliosoma: magonjwa ya migomba, historia ya reli, sheria za ardhi. Mtu akichapa vitu kama hivyo miaka kadhaa huanza kudhani kavijua. Jioni nilishuka kwenye teksi nikiwa nimejaa, na nisipompata wa kumfundisha sikulala vizuri. Debe tupu haliachi kuvuma, na mtaa mzima wa Nateete ulinisikia nikivuma.

Habari za sarafu nilizipata pale pale dukani. Kulikuwa na mwalimu wa Kimarekani, mama wa makamo aliyekuja kufundisha chuoni kwa muda. Alileta kazi zake za kujalidi, na siku moja akitafuta chenji kwenye mkoba wake zikaanguka mezani robo dola mbili. Nilizichukua nikazitazama. Aliponiona nimevutiwa akaniuliza kwa utani ipi kati ya hizo ni ya thamani. Nikachagua iliyong'aa. Akacheka, akazisimamisha zote mbili kwa ukingo. Ile iliyong'aa ilikuwa na mstari mwekundu wa shaba umepita katikati ya ukingo wake. Nyingine, iliyofifia, ukingo wake ulikuwa mweupe mtupu pande zote.

Hiyo nyeupe, akasema, ni ya fedha. Akanieleza taratibu, kwa sababu niliuliza sana. Zamani sarafu za kwao za senti kumi, robo na nusu dola zilikuwa sehemu tisa fedha na sehemu moja shaba ya kuipa ugumu. Mwaka wa sitini na nne ndio wa mwisho. Kuanzia sitini na tano zile ndogo zikafungwa shaba tumboni na kuvishwa ngozi ya madini mengine, na nusu dola ikaendelea miaka michache na fedha kidogo, isiyofika hata nusu ya uzito wake. Kubwa kuliko zote ni dola yenyewe, zile za zamani, zinakaribia gramu ishirini na saba. Ukiidondosha mezani inalia, na mlio wake unakawia kuisha. Akaniambia pia sarafu hizo zina bei mbili. Ya kwanza ni ya mizani: fedha iliyomo ndani, ambayo hata mfua pete atakulipa. Ya pili ni ya wakusanyaji, nayo hutegemea mwaka, herufi ndogo ya mji ilikopigwa, na hali ya ngozi yake.

Hapo kwenye ngozi ndipo aliponishangaza. Fedha ikikaa miaka mingi huwa nyeusi, na mimi ningedhani weusi ule ni uchafu. Kumbe wakusanyaji wanautaka. Kwao weusi ni ushahidi kwamba hakuna aliyeisumbua sarafu tangu ilipotoka mkononi mwa mtu wa mwisho. Ukiisugua unaondoa ngozi yake ya juu, na kwenye kioo cha kukuzia inaonekana mikwaruzo ambayo haiondoki tena. Baba yake mwenyewe alikuwa mkusanyaji, akasema, na hakumruhusu mtu kuzipangusa hata kwa shati.

Basi nikaenda na habari hiyo mtaani. Niliwaeleza waendesha bodaboda wa stejini. Nilimweleza muuza chapati, ambaye aligeuza mayai yake akinijibu ndiyo ndiyo. Nilimweleza mwenye nyumba siku aliyokuja kuuliza kodi, akasahau kuuliza. Mtu mmoja tu sikumweleza, naye tulikuwa tukilala chumba kwa chumba. Sikumweleza kwa sababu sikuona faida. Nilimwona baba kama mtu ambaye habari zimemaliza kumfikia. Nilimnunulia dawa ya miguu, nilimletea nyama Jumapili, na zaidi ya hapo maongezi yetu yalikuwa "umeamkaje" na "taa izimwe". Hilo linaniuma kuliko mengine yote nitakayoyasema, maana lilitokea kila siku na hakuna aliyelaumu.

Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa Mkongomani, mama aliyetoka upande wa Bukavu na watoto wawili. Alishona barazani kwa cherehani cha kukodi. Alikuwa na mkono mwepesi. Gauni la kanisani alilimaliza kati ya asubuhi na adhuhuri. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kazi, na kila Jumatatu alimtilia mafuta kwenye mashine na kuling'arisha lile gurudumu la pembeni mpaka unajiona uso ndani yake. Sasa mwenye cherehani alikuwa anahamia Masaka, na alitaka kukiuza kabla hajaondoka. Mwezi ukiisha, ama mama akinunue ama kiende. Alikuwa amekusanya karibu nusu ya bei. Bila mashine hakuwa na kazi, na bila kazi hakuwa na chumba. Sote uani tulilijua hilo.

Jioni moja akaja kwetu na kitambaa kimefungwa fundo. Alikuwa amenisikia nikihubiri stejini.

"Kaka," akasema, "iko franga moja ya zamani ya babu yangu. Unieleze kama iko na kazi ama haiko."

Akafungua. Kwao franga ni pesa yoyote; hizi zilikuwa dola kubwa sita na nusu dola kadhaa, nyeusi kwenye mikunjo ya nywele za mwanamke aliyechorwa upande wa mbele, buluu kidogo na dhahabu kidogo ukingoni. Babu yake alikuwa mpishi kwenye misheni ya Wamarekani. Siku za fujo za baada ya uhuru, wale wazungu walipoondoka kwa haraka, walimlipa kwa kilichokuwemo kwenye droo. Hakuzitumia. Zilishuka kwa mama yake, zikashuka kwake, naye akavuka mpaka nazo, zimeshonwa kwenye pindo la kitenge.

Nilizisimamisha kwa ukingo moja moja. Nyeupe zote. Niliidondosha moja mezani ikalia ule mlio, na nikajiona mtu mkubwa sana. Ningeweza kusema: mama, sijui, twende tukaulize. Badala yake nilisema, "Mama, hizi zitakununulia cherehani, na kitambaa cha kuanzia juu yake."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamwonya asizioshe, asizisugue, asizipanguse hata kwa kanga. Nikamweleza habari ya ngozi, na yeye akasikiliza akiitikia kwa kichwa. Baba alikuwa barazani, ametugeuzia mgongo. Nilikuwa nasema kwa sauti ya chini, kama daktari.

Kesho yake nikampata yule mwalimu, akasema nizilete Jumamosi. Mama akaniomba nizihifadhi mimi kwa sababu komeo la mlango wake lilikuwa bovu. Nikaziweka kwenye sanduku la viatu juu ya kabati. Alhamisi usiku baba akanyoosha kidole kule juu.

"Ile kitu ya mama, iko nini?"

"Sarafu, mzee."

"Nani nataka yeye?"

"Kuna Mzungu ataziangalia Jumamosi."

"Mukubwa?"

"Mkubwa, ndiyo," nikasema, nikavuta blanketi.

Hayo ndiyo maelezo yote niliyompa. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila mara naona jinsi yalivyokuwa kamili kwake. Mali ya mama, mkubwa, kuangalia, Jumamosi. Kwa mtu aliyeishi kambini, hapo hapakuwa na swali la kuuliza tena.

Ijumaa jioni niliisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Miguu ilijua kabla ya akili, ikapunguza mwendo.

Baba alikuwa amevaa shati jeupe. Meza ilitandikwa lile blanketi, na juu yake dola sita zimepangwa mstari mmoja, nusu dola mstari wa pili, nafasi sawa kati yake, nyuso zote zikitazama upande mmoja. Ziling'aa kama sufuria mpya. Hakukuwa na weusi hata kwenye mikunjo ya nywele; alikuwa ameuchimbua kwa kijiti cha kibiriti kilichovikwa pamba. Majivu, ndimu, dawa, kisha blanketi kavu. Kazi ya siku nzima. Alikuwa ameshamwita mama wa Kikongomani aje aone, naye alisimama pembeni ya meza, kiganja mdomoni, akinitazama mimi. Yeye alikuwa anajua. Nilikuwa nimemweleza.

"Tayari kwa kukagua," baba akasema. Alikuwa na furaha. Sisemi uongo nikisema sikuwa nimemwona na furaha hiyo tangu mama yangu afariki.

Ulimi hauna mfupa. Nilimpigia baba yangu kelele mbele ya mgeni. Nilimwambia ameharibu mali ya mtu, ameua mashine ya mama, ameangamiza watoto. Nilimwuliza ni nani aliyemwambia aguse. Alifungua mdomo, nikamkatiza. Nikasema kwa sauti ambayo uani wote uliisikia:

"Kuanzia leo usiguse kitu chochote cha nyumba hii bila ruhusa yangu. Chochote. Umesikia?"

Baba aliunganisha visigino. Viatu vyake vilikuwa kandambili, havikutoa sauti.

"Ndiyo, afande," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Ningeshukuru kama angenikejeli. Baba hakujua kejeli. Aliijua amri, na alikuwa amepewa.

Mama wa Kikongomani ndiye aliyesema. "Wacha, kaka. Papa alifanya na roho muzuri. Mimi siko na kasirani." Akamgeukia baba. "Aksanti, papa. Sijawahi ona ile sura ya huyu mwanamuke muzuri hivi." Kisha akazikusanya polepole, akazifunga fundo. Baba hakumsaidia. Mikono yake ilikuwa nyuma.

Jumamosi tukapanda wawili, mimi na yule mama, mpaka Wandegeya. Mwalimu alizimwaga kutoka fundoni. Alitoa kioo chake cha kukuzia akazipitia. Kisha akasema fedha yote ipo, uzito haujaguswa, ila ngozi imekwenda.

Nikamwuliza, na swali hili nililiuliza kwa haraka, nikitaka hukumu imwangukie baba kikamilifu: tumepoteza kiasi gani?

Akazipanga upya kwa miaka. Dola zote, akasema, ni za miaka ambayo zilipigwa kwa mamilioni. Kwao kila mzee anayo moja kabatini. Hata zingekuja nyeusi zisizoguswa, tano kati ya hizo zingekwenda kwa bei ya mizani na ziada ndogo tu. Ni moja tu ambayo herufi yake ndogo, chini ya shada upande wa nyuma, ingevutia mtu, na hata hiyo isingemfikisha mama popote karibu na alichokitaka. Kisha, kwa upole, si kwa ubaya, akauliza ni nani aliyemwambia mama huyu kwamba zitanunua cherehani.

Sikutafsiri. Mama alikuwa anajua Kiingereza kidogo, kiasi cha kutosha. Nilitazama sakafu. Nilipoinua macho nikaona yeye pia anatazama sakafu, na nikaelewa kwamba ananisitiri.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa ameharibu kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi kikubwa, kwa mdomo wangu, kwa kutaka kuonekana. Cherehani hakikuwepo ndani ya zile sarafu hata siku moja. Nilikitia mimi humo, kisha nikamwadhibu baba kwa kutokukikuta.

Mwalimu alinunua ile moja kwa zaidi ya thamani yake, nadhani kwa huruma. Zilizobaki tukazipeleka Katwe, kwa mfua pete mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya watengeneza sigiri za makaa. Kule hapana wakusanyaji. Kule ni moto na mizani. Yule fundi alichukua moja, akaikwaruza kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tone la tindikali kwenye mchirizi, akaangalia rangi. Akaridhika. Akazigeuza geuza zile nyingine kwenye mwanga.

"Nani alisafisha hizi?" akauliza.

Nikasema ni mzee mmoja.

"Anajua kazi. Kwa kawaida wanatuletea uchafu tu, mimi naanza kuchoma na kuosha. Mwambie huyo mzee namsalimu."

Akakata kidogo kwenye bei ya mizani kwa ajili ya shaba, jambo ambalo lilikuwa haki yake, akakata tena kidogo pasipo haki, na mama akakubali. Fundi alizitia kwenye chungu cha kuyeyushia mbele yetu. Nilitaka tuondoke lakini mama alisimama. Yule mwanamke mwenye nywele za mikunjo alilala ubavu, ukingo wake ukalegea, kisha sura ikaondoka yote kwa pamoja na kikabaki kitu kimoja cheupe kinachotikisika. Mama alisema kitu kwa Kishi, lugha ya kwao, sikukielewa, labda alikuwa anaongea na babu yake. Kisha akasema, "Twende, kaka. Watoto hawajakula."

Pesa hazikutosha. Nilimwambia nitachangia mshahara wangu, akakataa kwa namna isiyoacha mlango wazi. Siku ya mwisho wa mwezi walikuja vijana wawili wakabeba kile cherehani kichwani, gurudumu la pembeni bado linameremeta. Baba alisimama mlangoni akakitazama mpaka kilipokata kona. Mama alishona vifungo na mapindo kwa mkono wiki chache, kisha akapata kibarua kwa fundi mwingine upande wa Bunga, akahama na watoto wake. Siku ya kuhama alimkumbatia baba. Mimi alinipa mkono. Sikudai zaidi.

Lakini niirudie ile Jumamosi. Niliporudi kutoka Katwe nilimkuta baba kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, hana kitambaa. Nikamweleza yote, safari hii kwa ukamilifu: miaka, herufi, mamilioni, bei mbili, weusi. Nilimweleza kama nilivyowaeleza watu wa stejini, na nikamfikishia salamu za fundi. Nikasema kosa lilikuwa langu. Baba alisikiliza kwa makini. Aliuliza swali moja zuri sana, kwamba je, senti zetu za zamani za mkoloni nazo zilikuwa na fedha, na nikamwambia ndiyo, kidogo. Akafurahi kulijua.

"Basi yale maneno ya jana uyasahau, Baba," nikasema.

"Mimi nasahau."

Nikaingia ndani nikiwa mwepesi. Baada ya muda birika likaanza kuchemka kwenye sigiri barazani, mvuke ukainua kifuniko. Alikuwa amekaa kando yake, mkono mmoja tu mbali nalo. Akaita:

"Naruhusiwa kugusa birika?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikatoka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja jibu. Nikamwambia, "Baba, nimekuambia yameisha," akasema ndiyo, na akaendelea kungoja, mpaka nikasema gusa.

Tangu hapo ikawa hivyo. Naruhusiwa kufungua dirisha. Naruhusiwa kuchukua kikombe. Alisema kwa heshima, bila kununa, na uso wake haukubadilika. Kopo la dawa lilikauka. Vijiko vikafifia. Jirani akija na sufuria, baba alinitazama mimi kwanza, na jirani akaona aibu akarudi nayo. Nilijaribu kumfutia ile amri mara nyingi, kwa upole, kwa hasira, mara moja kwa machozi. Nilimfutia tukiwa tunakula, nilimfutia nikimsindikiza msalani alipougua. Kila mara alinijibu vizuri.

Mwisho siku moja akanihadithia habari, na yeye hakuwa mtu wa hadithi. Kambini kulikuwa na afisa aliyemvua askari mmoja mkanda kwenye paredi, mbele ya kikosi kizima, kwa kosa ambalo baadaye lilionekana si lake. Yule afisa alimwita ofisini akamwomba radhi, akamrudishia mkanda, wakanywa chai. Askari akautundika mkanda ule ukutani wala hakuuvaa tena mpaka alipohamishwa.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa ofisi hapana paredi," baba akasema. "Amri nasemwa mbele ya watu, nafutwa mbele ya watu. Ndiyo kawaida."

Kisha akaniomba ruhusa ya kwenda kulala. Nilielewa. Alikuwa amenipa dawa mkononi, na haikuhitaji pesa wala elimu. Uani palikuwa na watu kila jioni. Ningetoka tu, nikasimama pale nilipopiga kelele, nikasema mambo mawili matatu. Nikasema moyoni kwamba mama wa Kikongomani ndiye shahidi wa kweli na ameshahama. Nikasema watu wa uani watacheka. Nikasema Jumapili. Jumapili ikafika nikasema nyingine.

Nikaoa. Mke wangu alimkuta baba na desturi hiyo akadhani ni adabu za kwao, na sikumsahihisha. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, wakwe walikuja kumwona, chumba kikajaa: mama mkwe, shangazi, wajomba kwenye benchi la kuazima, nusu ya uani mlangoni. Mtoto alipita mkono kwa mkono, kila mtu akimtafutia mtu wa kufanana naye. Alipofika karibu na kona, shangazi mmoja akamnyanyua kumpa babu yake.

Baba alikuwa ameshasimama. Shati jeupe lile lile. Mikono yake ilikuwa nyuma, na hakuitoa. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu.

"Naruhusiwa kushika yeye?" akauliza.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Wakwe walidhani mzee anatania. Mjomba mmoja akampiga begani akasema huyu ndiye babu. Baba alitabasamu kidogo kwa heshima ya wageni, lakini macho hayakuniachia. Watu wote walikuwa wamenigeukia mimi, wakingoja jibu la utani huo. Kikosi kizima kilikuwa pale. Sikuwa nimewahi kupata paredi nzuri kuliko ile, na nadhani yeye alilijua hilo, nadhani ndiyo maana aliuliza kwa sauti.

Nilicheka pamoja nao. "Ruhusa, mzee," nikasema.

Baba akaitoa mikono nyuma, akavipangusa viganja kwenye suruali, akampokea mtoto.